Kupanda Meru mkiwa wawili: pima huduma kwa usiku wa kilele

Makampuni ya kupandisha watu Mlima Meru yamejaa Arusha mjini, na Moshi nako hayakosekani, ingawa huko biashara kubwa ni Kilimanjaro. Ingia ofisi kumi, utapewa karatasi kumi zinazofanana: vibanda, chakula mara tatu kwa siku, mwongozaji, wapagazi, gari la kwenda na kurudi. Tofauti ya kweli haimo kwenye karatasi. Inajitokeza saa tisa usiku, kwenye miamba iliyo mbele ya Rhino Point, kituo cha kwanza kwenye njia ya kilele, pale mmoja wenu anapoanza kuyumba na mwenzake bado ana nguvu. Huduma inayojua la kufanya saa hiyo ndiyo inayostahili hela yenu. Isiyojua haifai, hata kama mpishi wake ni hodari.

Kwanza ieleweke Meru ni mlima wa namna gani. Kilele chake, Socialist Peak, kiko mita 4,562, mfupi kuliko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mita zaidi ya 1,300. Wengi wanauchukulia kama mlima wa kuzoesha mwili kabla ya Kilimanjaro, na kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Lakini anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anafika juu kwa kutembea tu. Meru haukubali hivyo. Upande wake wa mashariki uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, kifusi kikasambaa mpaka yalipo maziwa ya Momella leo, na kilichobaki ni ukingo uliopinda, mwembamba, wenye ukuta wa karibu mita 1,500 kwa upande wa ndani. Njia ya kilele inafuata ukingo huo. Kuna mahali unashika jiwe kwa mikono miwili, na kuna mahali unapima pa kukanyaga kabla hujahamisha uzito. Hapo ndipo uzuri wa mlima huu ulipo, na hapo hapo ndipo huduma ya kubahatisha inapogeuka hatari.

Swali la kwanza ofisini ni siku tatu au nne. Mpango wa siku tatu una bei ya chini na unapendwa na vijana wa mjini wenye wikiendi ndefu. Hesabu yake iko hivi: usiku wa pili mnalala kibanda cha Saddle, mita 3,570. Mnaamka usiku wa manane, mnapanda karibu mita 1,000 hadi kileleni, kisha siku hiyo hiyo mnashuka mpaka lango la Momella, lililoko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huo ni mteremko wa mita 3,000 kwa watu waliolala saa nne au tano. Kinachoisha si pumzi, maana kadiri mnavyoshuka hewa inaongezeka. Kinachoisha ni magoti, na pamoja nayo umakini. Katika mpango wa siku nne, siku ya kilele inaishia kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, na mnamalizia asubuhi inayofuata mkiwa mmepumzika.

Wauzaji wengine husema siku ya nne inasaidia kuzoea mwinuko. Si kweli. Vituo vya kulala wakati wa kupanda ni vile vile katika mipango yote miwili. Siku ya nne inasaidia kushuka. Lakini kwenye Meru kushuka ndiko kunakoumiza watu, kwa hiyo sababu hiyo peke yake inatosha. Gharama inayoongezeka ni usiku mmoja wa kibanda, ada ya hifadhi ya siku moja na malipo ya timu ya siku moja. Ilipeni bila kusita, na kama hela haitoshi, subirini mwezi mwingine kuliko kukata siku.

Jambo la pili ni idadi yenu. Watu wawili ndiyo idadi inayobana kampuni: gari, mpishi na mwongozaji ni wale wale iwe mnapanda wawili au sita, lakini gharama inagawanywa mara mbili tu. Kampuni inayotaka kuvutia kwa bei itapunguza mahali pasipoonekana, na mahali pa kwanza ni mwongozaji msaidizi. Utaambiwa, "Ninyi ni wawili tu, mmoja anatosha." Hatoshi. Ukifika Rhino Point mwenzako akapatwa na kichefuchefu, mwongozaji mmoja ana njia mbili tu: awarudishe wote, mmoja wenu akose kilele akiwa mzima, au amwache mgonjwa ashuke peke yake gizani kwenye miamba, jambo ambalo halipaswi kutokea hata mara moja. Mbaya zaidi ni ile njia ya tatu isiyosemwa, kumsukuma mgonjwa aendelee kwa maneno ya kutia moyo. Mwongozaji msaidizi anamaliza tatizo lote hilo. Timu ya kutosha kwa watu wawili ni mwongozaji mkuu, msaidizi mmoja atakayepanda nanyi hadi kileleni, mpishi, na wapagazi wanne au watano. Jina la msaidizi liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano kabla hamjalipa. Hakikisheni si mpishi aliyeitwa msaidizi, kwa sababu mpishi saa nane usiku ana kazi ya uji na chai, na akipanda hadi juu hakuna wa kuwapokea mkirudi.

Yupo pia askari wa hifadhi mwenye bunduki, na huyu ni wa lazima. Msitu wa chini una nyati wengi na tembo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kupanda bila askari. Watu hudhani askari anachukua nafasi ya mwongozaji. Kazi yake ni ulinzi dhidi ya wanyama, na mara nyingi anaongoza kundi la watu wa makampuni tofauti walioondoka langoni pamoja. Mwendo wake unafuata kundi zima, si afya ya mwenzako.

Kabla ya kutoa hela, ombeni kuona leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, ya mwaka huu. Kampuni halali itaionyesha bila kununa. Ada za hifadhi zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na mna haki ya kupewa stakabadhi yenye majina yenu na tarehe za kuingia na kutoka. Dalali wa mtaani anayewafuata kuanzia Mnara wa Saa huwa hana leseni wala timu. Anawauza kwa kampuni, na kamisheni yake inatoka kwenye chakula chenu au kwenye ujira wa wapagazi. Nendeni wenyewe ofisini. Raia wa Tanzania mbebe vitambulisho vya NIDA, maana ada ya raia ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni, na langoni watataka uthibitisho.

Siku ya kwanza haina mambo mengi ya kupima. Kutoka Arusha mnafuata barabara ya Moshi mpaka Usa River, mnakata kushoto, mnaingia kwa lango la Ngongongare na kuendelea ndani ya hifadhi hadi Momella. Wanaotoka Moshi wanakata kulia hapo hapo Usa River. Kampuni nzuri inawachukua alfajiri, kwa sababu kujaza fomu, kupima mizigo na kusubiri askari kunakula muda, na mkichelewa mtangoja kundi lijalo. Kutoka Momella kuna njia mbili za kwenda Miriakamba. Ile fupi ni mwinuko wa moja kwa moja, inakata kwenye uwanda wenye twiga, nyati na ngiri. Ile ndefu inazungukia kusini, msituni, na inapita katikati ya mkuyu mkubwa wenye tao ambalo tembo anaweza kupita chini yake. Pandeni kwa ndefu, shukeni kwa fupi. Muulizeni mwongozaji mapema, maana timu nyingi zitachagua fupi kwenda na kurudi kama mteja hakusema kitu. Njia ndefu inawalazimisha kwenda taratibu siku ya kwanza, na mwili unaokwenda taratibu siku ya kwanza hulala vizuri usiku wake. Mbega wako wengi huko. Sikilizeni mlio wao, ule wa kukoroma, kisha inueni macho kwenye matawi ya juu.

Vibanda vya Miriakamba na Saddle ni faida kubwa ya mlima huu. Vitanda vya ghorofa, magodoro, jiko la wapishi pembeni, vyoo. Hakuna kulala kwenye hema lenye maji. Havina joto la ndani, kwa hiyo mfuko wa kulalia ni wenu, na uwe wa kuhimili nyuzi sifuri au chini ya hapo. Kampuni ikisema itawakodishia, ufungueni mfuko siku moja kabla, mjaribu zipu mwanzo hadi mwisho na kuunusa. Zipu iliyokwama Saddle inamaanisha hamlali.

Siku ya pili, Miriakamba hadi Saddle, ni saa tatu hadi tano za ngazi. Ngazi hizi zimejengwa kwa magogo na udongo, hazilingani urefu, na ukizifuata kwa hatua ndefu zinaumiza mapaja mapema. Pale zilipo juu sana, pitia pembeni mahali palipokanyagika tayari, bila kutanua njia. Nusu ya safari mnafika Mgongo wa Tembo, mahali pa kula na kubadili shati lililolowa jasho. Msitu unapungua, vichaka vya erika vinaanza, na ukungu wa mchana huwa unapanda kutoka bondeni.

Mkifika Saddle kabla ya saa tisa alasiri, kuna jambo moja ambalo timu makini italisisitiza na timu vivu italiacha: kupanda Meru Ndogo, mita 3,820. Ni kama saa moja kwenda na nusu saa kurudi, bila mzigo. Mnapanda mita 250 juu ya mahali mtakapolala, mnakaa dakika kumi na tano, mnarudi. Mwili unapata ishara ya hewa nyembamba ukiwa bado na mchana wa kujirekebisha. Faida ya pili ni kwamba mwongozaji anapata nafasi ya kuwatazama. Nani anahema kwa mdomo? Nani hataki kuongea? Nani ameacha chakula? Hayo ndiyo yanayomsaidia kupanga usiku. Mkiona mwongozaji amebaki kibandani na kuwaambia nendeni wenyewe, mmeshapata jibu kuhusu huduma mliyonunua.

Chakula cha jioni Saddle kiwe mapema, saa kumi na mbili jioni, na kiwe chepesi chenye wanga: supu, wali au viazi, mboga, nyama kidogo. Mafuta mengi hayasagiki vizuri kwenye mwinuko. Mpishi anayejua kazi atawajazia chupa za maji ya moto usiku huo huo, na mnaweza kuziweka ndani ya mfuko wa kulalia zipashe miguu.

Sasa usiku wa kilele. Kutoka Saddle hadi juu ni saa nne hadi sita. Jua la Meru linachomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kutegemea mwezi, na kila mtu anataka kuwa juu au karibu na juu wakati huo, Kilimanjaro ikiwa mbele yake mashariki. Hesabu inaanzia hapo. Wenye mwendo wa kawaida waondoke saa nane usiku. Wenye mwendo wa polepole, saa saba. Kampuni nyingine huondoa wateja wote saa sita usiku ili wawahi kurudi. Matokeo yake mnafika kileleni giza likiwa bado zito, mnatetemeka kwa baridi kwa saa nzima, au mnashuka bila kuona kitu. Uliza saa ya kuondoka, na uliza kwa nini.

Kabla ya kutoka, ondoa nguo moja. Ndani ya kibanda utasikia baridi na utataka kuvaa kila kitu, lakini mwinuko wa kwanza kuelekea Rhino Point ni mkali na ndani ya dakika ishirini utakuwa umelowa jasho. Jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukisimama juu, kwenye upepo. Toka ukihisi baridi kidogo. Koti zito liwe juu kabisa ya begi, livaliwe Rhino Point. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, na jinzi ibaki nyumbani. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti na suruali za mtumba za kuzuia upepo ambazo kwa mlima huu zinatosha kabisa, mradi ujaribu zipu na mishono.

Rhino Point iko kama mita 3,800, na kwa wengi ni mwendo wa saa moja. Hapo panafuata kipande ambacho kwa maoni yetu ndicho kipimo cha safari nzima. Njia inashuka kidogo, kinyume na matarajio, kupitia miamba mitupu iliyoinama, kisha inaendelea ubavuni mwa ukingo. Mchana mtu mwenye miguu imara anakipita bila shida. Usiku, kwa tochi, kinadai utaratibu. Fimbo za kutembelea zikunjwe na kufungwa kwenye begi, kwa sababu mikono inahitajika, na fimbo inayoning'inia kwenye kifundo hukwama kwenye ufa wa jiwe na kukuvuta. Geuka uso uelekee mwamba, shuka kinyumenyume, sogeza kiungo kimoja kwa wakati huku vitatu vimeshika. Mmoja apite kwanza, mwingine asubiri hadi mwenzake asimame mahali tambarare na kusema tayari. Msipangane mmoja chini ya mwingine, maana mawe madogo yanang'oka. Aking'oa mtu jiwe, apige kelele "Jiwe!" hata kama ni dogo kama yai. Mwongozaji mkuu akae chini ya mtu dhaifu zaidi, kwa pembeni, akimwelekeza pa kuweka mguu. Msaidizi akae nyuma. Kama wote wawili wametangulia na tochi zao, wakisubiri ng'ambo, huduma hiyo imeshindwa.

Mvua ikinyesha jioni, au usiku ukiwa na anga safi na baridi kali, miamba hii inaweza kuwa na utando mwembamba wa barafu. Tochi inauonyesha kama mng'ao. Hapo uamuzi sahihi ni kusubiri au kurudi, na mwongozaji anayesema hivyo asilaumiwe. Ni kwa sababu hiyo hatushauri mtu kupanda wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba, na Januari hadi Februari, ndiyo miezi yenye uhakika zaidi.

Baada ya miamba, njia inakuwa majivu na changarawe kwenye ukingo, kreta ikiwa mkono wa kushoto mnapopanda. Gizani hamuioni; mnaihisi kwa upepo unaopanda kutoka chini. Tembeeni upande wa kulia wa njia, hasa mnaposimama kunywa maji, kwa kuwa mtu aliyechoka akisimama huyumba. Hatua ziwe fupi, mguu wote ukanyage, pumzi moja kwa kila hatua kama ndivyo mwili unavyotaka. Katika kimo hiki kanieneo ya hewa iko chini kidogo ya asilimia 60 ya ile ya pwani, na haraka ya dakika tano inalipwa kwa mapumziko ya dakika kumi na tano. Mtu mwenye mwendo mdogo akae mbele, mara tu baada ya mwongozaji. Marafiki wengi hufanya kinyume: mwenye nguvu anatangulia, anasubiri kwenye kona, na mwenzake akifika tu yeye anaondoka. Aliyechoka hapati kupumzika hata mara moja.

Cobra Point, mita 4,350, ndipo pa kufanyia uamuzi, na uamuzi huo upangwe Saddle mkiwa na akili timamu. Kubalianeni: kama saa moja asubuhi hatujafika Cobra Point, tunageuka, na hakuna mjadala. Kubalianeni pia kwamba yeyote kati yenu, pamoja na mwongozaji, akisema tunashuka, tunashuka. Kichwa kuuma kidogo ni jambo la kawaida. Kichwa kinachozidi licha ya maji na mapumziko, kutapika mara kwa mara, maneno yanayokokotwa, au kushindwa kutembea mstari mmoja kisigino kwa kidole, hayo ni ya kushuka saa hiyo hiyo. Dawa pekee inayoaminika ni kupoteza mwinuko. Anayetaka kutumia Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, amwone daktari mjini kabla ya safari. Vidonge visigawanywe na mwongozaji gizani.

Kutoka Cobra Point hadi kileleni ni saa moja au moja na nusu, na ndicho kipande kinachovunja moyo, kwa kuwa kilele kinaonekana karibu lakini njia inazunguka kilima kimoja baada ya kingine. Mwishoni mnapanda tena kwa mikono, juu ya mawe makubwa, hadi kwenye bendera ya bati. Kufikia hapo huwa kumepambazuka, na ndipo mlima unajifunua: kreta yote, koni ya majivu ya mita 3,667 iliyosimama ndani yake, msitu, maziwa ya Momella, na Kilimanjaro juu ya mawingu. Hakuna mandhari nyingine kaskazini mwa Tanzania tunayoiweka juu ya hii. Mlima huu ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na ukiitazama koni ile kutoka juu unaelewa kwamba ni volkano bado. Kaeni dakika ishirini, mvae kila mlicho nacho, mle kitu hata kama hamna hamu: karanga, tende, biskuti, chai yenye sukari nyingi kutoka kwenye chupa.

Kushuka kunaanza vizuri na kunaharibika katikati. Jua likishapanda, majivu yaliyokuwa yameshikana kwa baridi yanalegea, kisigino kinazama, na watu wanaanza kuteleza kwa raha. Kwenye miteremko ya wazi, sawa. Karibu na ukingo, hapana. Kreta sasa iko kulia. Mkirudi kwenye miamba ya Rhino Point mtaona mchana kile mlichopita usiku, na wengine huganda kwa woga hapo hapo. Msaidizi anayetulia, anayesema weka mguu wa kushoto hapa, wa kulia pale, bila kucheka wala kuharakisha, ana thamani kubwa saa hiyo kuliko kitu kingine chochote mlicholipia. Mkiwa na macho ya kutazama, mbuzi mawe huonekana kwenye majabali ya huko, wamesimama kwa ncha za kwato.

Kuhusu vifaa, nitaje vile tu vinavyosumbua. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya, na za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi inaziua. Maji lita tatu kila mtu, kwenye chupa, si kwenye mfuko wa mpira wenye mrija, maana mrija huganda kabla ya kufika Cobra Point. Chupa ziwekwe kichwa chini begini ili barafu ianzie kwenye kitako na mdomo ubaki wazi. Glavu mbili: nyembamba zenye mshiko kwa ajili ya mwamba, nene za kuvaa juu yake kwenye ukingo. Glavu za sufu peke yake zinateleza kwenye jiwe. Buti ziwe zimeshavaliwa wiki kadhaa, kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla. Vifuniko vya kuzuia majivu yasiingie viatuni vinapatikana kwa kukodi Arusha na Moshi, na kwa kushuka ni muhimu kuliko kwa kupanda. Miwani ya jua, mafuta ya jua, mafuta ya midomo. Ngozi nyeusi nayo inaungua kule juu.

Saddle mtakuta supu. Laleni saa moja, si zaidi, kisha shukeni Miriakamba kabla ya ukungu wa alasiri. Fimbo zirefushwe kidogo kwa ajili ya ngazi, na mguu unaouma uanze kushuka kwanza ukiegemea fimbo zote mbili.

Lililobaki ni wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kilo 20, pamoja na vitu vyake mwenyewe, na upimwe Momella mkiwapo. Begi lenu la kubebwa lisipite kilo 15. Waulizeni wapagazi, si mwongozaji, watalipwa kiasi gani kwa siku na wanalala wapi. Kampuni inayowalipa vizuri haina sababu ya kuwazuia kujibu. Asanteni yenu ya fedha msimkabidhi mtu mmoja aigawe. Igawanyeni wenyewe asubuhi ya siku ya nne, bahasha moja kwa kila mtu yenye jina lake, mkononi kwake, pale Momella, kabla hamjapanda gari.